Watu Tisa kwa Jina Langu

Chuno, Mtwara
Jioni, wewe umekwenda Magomeni ya hapa kuaga

Mwanangu Tumaini,

Baba yako ananicheka kwamba namwandikia barua mtu ambaye atarudi hapa kula chakula cha usiku. "Si umngoje umwambie?" ameniuliza, huku anafunga begi lako kwa kamba ya katani kana kwamba linakwenda kupakiwa melini. Nimemjibu kwamba mambo mengine ukiyasema kwa mdomo mtu anakujibu kabla hujamaliza, na wewe una majibu ya haraka, umeyatoa kwetu Upareni. Kwa hiyo barua hii yeye ataitia kwenye mfuko wa mbele wa begi, na nakuomba uifungue basi likishapita Lindi. Hapo hutaweza kurudi kubishana nami.

Sitaandika habari za kufunga mlango, wala kula kwa wakati, wala kanisa lipi liko karibu na kwa shangazi yako Dar. Hayo utayapata kwa simu mpaka uchoke. Nakuandikia habari ya leseni za programu. Usicheke. Kazi unayokwenda kuifanya ndiyo ile iliyotutia sisi matatani: kukaa mbele ya mtu asiyejua, umweleze programu ya mtandaoni ni kitu gani, inafanya nini yenyewe bila kuguswa, na alipie mpango upi. Siku moja atakaa mbele yako mama mmoja kama mimi, anayejiona mjanja. Nataka umjue vizuri huyo mama.

Na lipo lile swali nililokuuliza ghalani mbele ya watu. Tangu siku ile tumekula meza moja, tumekaa benchi moja kanisani, umenisuka nywele, lakini swali limekaa kati yetu na hakuna aliyeligusa. Naogopa uondoke nalo kesho. Naogopa kweli, Tumaini, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Nianzie mbali kidogo. Tulipohamia hapa kutoka Same ulikuwa bado unatambaa. Baba yako alipata kazi bandarini, mimi nikapata ya kuchapa barua katika ofisi moja ya serikali. Miaka hiyo ya tisini mashine ilikuwa ya chuma, nzito, na ukikosea herufi moja umekosea kwenye nakala zote kwa sababu ya kaboni. Ilikuwapo desturi ambayo hakuna aliyenieleza maana yake. Chini ya kila barua, kwenye kona ya kushoto, unaandika herufi za bosi aliyeitunga, kisha kimstari cha mshazari, kisha herufi zako wewe uliyeichapa. Zangu zilikuwa ndogo, hata hazionekani vizuri. Nilizichukia. Nilidhani zimewekwa ili mchapaji akamatwe kirahisi.

Siku moja nilichapa barua ya kumhamisha mwalimu, nikampeleka Newala badala ya Masasi. Barua ilikuwa imeshatoka. Bosi alishuka na nakala yake, akatazama kona ya kushoto, akaja moja kwa moja kwenye meza yangu. Hakupitia kwa mtu mwingine. Alinisema mpaka nikaenda kulia chooni, kisha nikarudi nikachapa nyingine, dereva akaipeleka. Mchana tulikula kwa mama ntilie mmoja pale nyuma, na bosi akanitania kwamba siku nyingine nimhamishe yeye, nimrudishe kwao Bukoba. Kosa liliisha siku ile ile. Mwenzangu aliyekuwa anachapa karibu na dirisha hakuulizwa kitu wala hakuna aliyemwangalia vibaya. Wakati ule sikuliona hilo kuwa ni jambo. Nimeliona mwaka jana, nikiwa mtu mzima mwenye miwani.

Ghala la Mzee Nassoro unalijua, lakini acha niliseme kana kwamba hulijui, maana nataka uone nilivyoona mimi. Korosho zinaletwa na vyama vya msingi vya vijijini, zinakaa kwetu mpaka ziuzwe mnadani. Lori linaingia, Mohamedi anapima kwenye mizani. Zuhura anachoma magunia kwa bambo, kile chuma chenye mdomo wazi kinachochota korosho chache bila kufungua gunia. Anazikata, anazitazama ndani, anapima unyevu, anasema ni daraja la ngapi. Halafu mimi, msimamizi, naangalia alichosema, naridhika au siridhiki, ndipo naandika stakabadhi kwa mkono. Msimu ukipamba moto malori yanafuatana hadi barabarani na madereva wanapiga honi kama wako harusini.

Ndipo akaja muuzaji wa programu, Bwana Gerald, kutoka Dar na kompyuta ya mapajani na tai, jasho linamtoka. Akatueleza kwamba programu yao haikai kwenye kompyuta yetu, inakaa kwenye mashine zao wao, sisi tunaifikia kwa mtandao. Mohamedi akamuuliza, "Na mtandao ukikatika, korosho zetu zinabaki kwenu?" Watu wakacheka, na Gerald, kijana mwenye adabu zake, akacheka nao. Kisha akatuonyesha. Unaingiza uzito na daraja, msimamizi anakubali, basi, kazi yako imekwisha. Stakabadhi inajichapa, ujumbe unakwenda kwenye simu ya katibu wa chama kule kijijini, na mzigo unaingia wenyewe kwenye orodha ya mnada. Mzee Nassoro alitazama printa ikitema karatasi, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hii ndiyo dawa ya foleni.

Tukafika kwenye mipango, na hapa nataka usome taratibu. Mpango wa kwanza, kila mfanyakazi anakuwa na leseni yake na jina lake la kuingilia. Wa pili, leseni tatu tu. Wa tatu, waingie watu wangapi si hesabu, lakini kila kazi ambayo programu inaifanya yenyewe unalipia. Huo wa tatu ulinitisha kama mita ya maji. Wa kwanza niliuona ni wa watu wenye kujionyesha. Nikasema tuchukue wa pili: leseni ya Mzee, ya mhasibu, na yangu.

Gerald, nimtendee haki, aliuliza. "Na hawa wengine, mama? Mizani, ubora, lango?"

"Hao ni watu wangu," nikamwambia. "Wataingia kwa jina langu."

"Mkataba hauruhusu hivyo, mama."

"Mkataba hauishi Mtwara, baba."

Chumba kizima kilicheka, Mzee Nassoro akasema Mpare ni Mpare tu, nami nikajiona nimeshinda. Gerald alitazama saa yake. Alikuwa na basi la kuwahi, na mteja mkononi, na nadhani aliona kumbishia mama wa watu ni kukosa heshima. Nasikitika kidogo nikimkumbuka. Laiti angekuwa mkorofi kidogo siku ile.

Lakini nisikudanganye kwamba ulikuwa ubahili peke yake. Hapa Mtwara tumekuta desturi ambayo kwetu milimani haina nguvu hivi. Watu wawili wakiwa na jina moja wanaitana somo, na somo hanyimwi. Anaingia kwako bila hodi, anafunua sufuria, anakopa kanga ya kuendea msibani na harudishi, na huna la kusema. Zuhura alipoona sote tunaingia kwenye programu kwa neno "eliwaza", alinishika mkono akasema, "Haya, leo sote hapa somo mmoja." Kesho yake Mohamedi akawa Eliwaza wa mizani. Mlinzi akawa Eliwaza wa lango. Yeye Zuhura Eliwaza wa bambo, na mimi nikabaki Eliwaza mkubwa. Tulikuwa tisa. Dereva wa Newala akiuliza "Eliwaza yuko wapi?" anajibiwa na ghala zima.

Nilipenda. Miaka yote hapa nilikuwa mama wa kuja, mke wa mtu wa bandarini, anayesema Kiswahili cha Kipare. Sasa watu wa hapa, waliozaliwa Ufukoni na Mikindani, wanaitikia kwa jina nililopewa na bibi yangu. Ningemwambia nani asilitumie? Angeona namnyima, na mimi nilikuwa nimechoka kuitwa mnyimi.

Wewe ulikuwa umemaliza chuo, ukaja kutushika mkono msimu ule, ukakaa kwenye kibodi kwa zamu na Zuhura. Siku ya pili tu uliniita pembeni. Nakumbuka ulikuwa umevaa ile blauzi ya kijani iliyonibana mimi ukairithi wewe. Ukaniambia, "Mama, hii programu inamngoja msimamizi aangalie kabla haijaendelea. Lakini aliyeingiza akiwa ndiye msimamizi, haingoji. Inaona ameshaangalia. Na sisi sote ni wewe."

"Si ndiyo vizuri?" nikakujibu. "Kazi inakwenda."

"Inakwenda, ila hakuna anayeangalia."

Nikakuambia uache mambo ya chuo. Ni kweli kazi ilikuwa inakwenda. Malori yalikuwa hayalali tena nje. Vijijini makatibu walikuwa wanapata ujumbe kabla dereva hajapata chai. Mzee Nassoro alikuwa anawaleta wageni waone, ananiita nije nieleze, nami naeleza nikiwa nimejifunga kilemba kizuri. Wewe ukarudi kwenye kibodi.

Ile siku ya mvua sihitaji kukueleza, ulikuwepo, lakini tuliiona kutoka sehemu mbalimbali. Lori lilitoka kijiji cha upande wa Kilambo, turubai limechanika, magunia ya juu yameloa. Zuhura alichoma bambo, akasema haya ya juu yatengwe yaanikwe, ya chini ni mazuri. Alisema kwa mdomo, na waliokuwa karibu naye walimsikia. Nyuma yake kulikuwa na malori mengine yanapiga honi, bati linapiga kelele kwa mvua, mtu hasikii la mwenzake. Kati ya wewe na Zuhura mmoja alikuwa kwenye kibodi, na mlikuwa mnapishana kila mara kwa sababu yeye alikuwa anatoka kuchoma magunia na wewe unakwenda kuleta karatasi. Lori zima likaingizwa daraja la kwanza. Programu ikaona Eliwaza msimamizi ameingiza, basi Eliwaza msimamizi ameridhika. Stakabadhi ikajichapa. Katibu kule kijijini akapata ujumbe, akawaambia watu, watu wakafurahi. Wabebaji nao wakafuata karatasi, wakapanga magunia yote pamoja.

Mimi nilikuwa ndani nakunywa chai. Hakuna kilichonifikia, kwa sababu hakuna kilichonisubiri.

Mnunuzi alipokuja kuchukua, gunia la kwanza kufunguliwa lilikuwa na ukungu. Akaukataa mzigo wote wa kile kijiji, magunia makavu na yaliyoloa, na ni haki yake. Vijiji vingine vikauza, wao wakabaki. Korosho za watu, Tumaini, kazi yao ya mwaka mzima, zimelala kwetu na wenyewe wanaambiwa wasubiri. Katibu wao, Bwana Issa, alikuja kwa baiskeli na basi, akaketi kwenye kiti cha mbao karibu na mizani, akakataa chai. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu, "Nani kasema hizi ni daraja la kwanza?"

Mzee Nassoro akafungua programu. Eliwaza. Akatazama tena chini, juu, kila mahali. Eliwaza.

Ghala zima lilikuwa pale. Mohamedi, mlinzi, wabebaji, mhasibu mlangoni. Zuhura amesimama na bambo lake mkononi, na wewe uko karibu na printa. Kila mtu alijua ni mmoja wenu wawili. Nami nikakugeukia wewe nikasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwako hata ulipokuwa mdogo, "Ni wewe?"

Nikueleze kwa nini, na sikuelezi ili unisamehe upesi. Mimi nimelelewa kwamba watoto wakigombana na wa jirani, unaanza kumchapa wa kwako, ndipo watu wakuone mwadilifu. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake pia. Pale ghalani nilikuwa na wa kwangu na wa mwenzangu. Ningemuuliza Zuhura kwanza, wangesema Mama Tumaini anamkinga mwanawe, watu wa bara ndivyo walivyo. Kwa hiyo nikakuuliza wewe, kwa sababu u wangu. Sikuwa najua lolote. Sikuwa hata nashuku. Nilikutumia wewe kulinda sura yangu, na nikaiita hiyo haki.

Ulisema, "Sikumbuki, mama." Nilijua unasema kweli, maana malori siku ile yalikuwa mengi na hata mimi sikumbuki nilikunywa chai vikombe vingapi. Lakini nilikaa kimya. Kimya changu ndicho walichokisikia watu, wakaondoka nacho. Tangu siku hiyo ukaacha kula na sisi ghalani mchana. Kabla msimu haujaisha ukaanza kuandika maombi ya kazi Dar, na kila bahasha niliyoiona mezani niliisoma kuwa ni jibu lako kwangu.

Baadaye nilisema yale ya kusema. Nilimwambia Mzee Nassoro jina ni langu, kosa nalibeba mimi. Ilikuwa rahisi, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kwenye skrini. Tukatenganisha magunia, tukaanika, tukauza mwishoni kwa daraja la chini. Halafu mimi na Zuhura tukaenda kijijini kwa akina Bwana Issa kuomba radhi. Sikukuambia niliyoyasikia huko.

Walitupokea vizuri, na hilo lilinichoma zaidi. Walituwekea mihogo ya kuchemsha na chumvi, tukakaa kwenye baraza la ofisi ya chama. Nikaanza kueleza habari za programu, leseni tatu, msimamizi, kungoja na kutongoja. Niliona macho yao yananiacha. Bi. Zainabu, mama mmoja mwenye shamba lake mwenyewe, akanisubiri nimalize, akasema, "Sie hatuna taabu na kompyuta, mama. Ikiharibika itatengenezwa. Sie tunataka ntu wa kumwendea. Zamani tulikuwa tunakuja, tunauliza, tunaambiwa fulani kapima, fulani kaangalia. Tunakwenda kwa fulani, tunagombana, yanaisha. Safari hii tumekuja tumeambiwa Eliwaza. Tukauliza Eliwaza yupi, wakacheka."

Nilikumbuka zile herufi zangu mbili kwenye kona ya karatasi. Nilizichukia bure. Zilikuwa zinamwambia bosi aje kwangu, na zilikuwa zinamlinda yule mwenzangu wa dirishani. Kosa lenye mwenyewe linaumiza asubuhi, mchana mnakula pamoja. Hili letu halikuwa na mwenyewe, likawalalia watu wawili kwa mwaka mzima.

Sasa mkataba umeisha, na wiki hii nimeusaini upya. Nimechukua mpango wa kila mtu na jina lake. Mzee Nassoro alilalamika, nikamwambia safari hii atanivumilia. Kisha Upare wangu ukaamka. Nikampigia Gerald nikamwambia sisi korosho tunazo miezi michache tu kwa mwaka, kwa nini nilipie Mohamedi wa mizani wakati mizani imefunikwa? Akasema mpango wao ni wa mwaka. Nikamwambia aulize wakubwa wake. Akauliza. Wametupa majina kumi na moja wakati wa msimu, na matatu msimu ukiisha. Kumbe jibu lilikuwepo siku zote, mteja hakuuliza na muuzaji hakusema. Ukikaa kwenye kiti chake, mwanangu, sema hata usipoulizwa.

Na usianze kumuuliza mteja ana kompyuta ngapi. Muulize, mzigo ukiharibika, watu watamwendea nani? Akikwambia "sote hapa ni ndugu, tunatumia jina moja," usitazame saa. Mbishie kwa heshima, muite mama, muite baba, lakini mbishie. Atakununia. Mimi ningemnunia Gerald kwa siku mbili.

Mohamedi alikataa jina lake mwanzoni. "Mnataka mnikamate," akaniambia. Nilijua anachosema, nilishasema hivyo mimi mwenyewe kuhusu mashine ya chapa. Nikamwambia, "Nataka nikikuita, aitike mmoja." Amekubali, ingawa bado ananiita somo, na akiingia anabonyeza herufi moja moja kama anachagua dagaa.

Sasa ya leo. Asubuhi, ulipokuwa stendi kukata tiketi, niliwaomba wote waje pale kwenye mizani. Bwana Issa nilikuwa nimempigia simu, naye alikuja. Nilishika ubao wa mizani. Nikawaambia, "Mwaka jana nilimuuliza mwanangu swali hapa, mbele yenu. Sikuwa na sababu ya kumuuliza yeye isipokuwa ni wangu. Nalifuta mbele yenu pia." Bwana Issa aliinamisha kichwa. Mhasibu akakohoa. Nilidhani yamekwisha, nikageuka niende zangu.

Zuhura akasema, "Mimi hukuniuliza."

Nikasimama.

"Tulikuwa wawili," akasema. "Mwanao ulimwona ntu wa kuulizwa. Mie ukanipita kama gunia. Nimekaa mwaka nangoja uniulize, Mama Tumaini. Nilisema labda kwake mie si ntu wa kujibu, mie wa kuchoma magunia tu. Na tunaitana somo."

Kumbe ile heshima yangu ya kuanza na wa kwangu iliwaumiza nyote wawili kwa siku moja. Wewe kwa kukuuliza, yeye kwa kutomuuliza. Nikamwambia, "Basi nakuuliza leo, Zuhura. Ni wewe?"

Alinitazama sana. Macho yalimjaa, kisha akacheka. "Sikumbuki," akasema. "Ungeniuliza siku ile ile, ningekwambia hivyo hivyo."

Tulishikana pale mbele ya wabebaji, watu wazima tunalia na kucheka, Mohamedi akasema sasa hata mizani italoa. Nilitamani ungekuwepo. Nilitaka pia usiwepo, kwa sababu ungesimama kando na kuweka ule uso wako wa "haina neno, mama," na mimi ningeuamini kwa sababu unanifaa.

Kwa hiyo sitajua nani alibonyeza siku ile ya mvua. Nimekaa na jambo hilo tangu mchana, hapa sebuleni, nikisikiliza baba yako anavyopigana na kamba, na nimegundua kwamba sitaki tena kujua. Ningekuwa nataka, ningetaka kwa ajili ya sura yangu. Ninachokitaka ni wewe. Nakupenda, Tumaini. Sikukuambia hivyo ghalani, nilipotakiwa kusema jambo moja tu, kwamba huyu ni mwanangu na akisema hakumbuki basi hakumbuki. Nalisema sasa, nimechelewa, na najua nimechelewa.

Naona begi limefungwa, na sauti yako naisikia kwa jirani unaaga. Ukifika Dar, usinipigie kunijibu.

Nipigie tu.

Mama yako